Kabla Baba Hajafungua Kampuni Yake

Wenzetu wengi walioko Uingereza wana waume wanaofanya kazi za mkataba. Malipo yao hupitia kampuni-mwavuli, ambayo ndiyo huwaajiri. Hukata kodi, na hata mchango wa mwajiri wa Bima ya Taifa hutoka katika fedha za mkataba huo huo. Ndipo baba husema, "Afadhali nifungue kampuni yangu."

Tumwulize kwanza: mkataba unaangukia kanuni za IR35, zilizoanza mwaka 2000? Tangu 2017 katika hospitali na ofisi za umma, na tangu 2021 katika makampuni makubwa na ya kati, mtoa kazi ndiye anayeamua. Akisema baba ni sawa na mwajiriwa, atakatwa kodi kama mwajiriwa, na faida iliyotarajiwa hupotea.

Tena, akienda likizo hakuna wa kumlipa. Fedha za kampuni nazo si za jikoni. Kuzichota ovyo huleta deni na kodi.

Tukumbuke mjenzi wa mnara katika Luka 14:28. Tuketi pamoja, tuhesabu, tuombe, ndipo tuamue.