Gari linachemsha kwenye baridi ya Njombe? Hedi isifunguliwe kwanza!

Kuna imani moja inayowatia watu hasara. Gari likichemsha Dar es Salaam tunasema ni joto la jiji. Likichemsha Njombe, kwenye baridi ya kuvaa makoti mawili, tunasema basi, injini imekwisha. Fundi wa vichochoroni akisikia hivyo anakenua meno yote. "Bosi, hiyo hedi gasketi." Hapo hapo spana zinatoka na ngawira yako inaanza kuyeyuka.

Mimi nasema ngoja kwanza. Nimepita sana kati ya Makambako na Njombe, kilometa 60 hivi, na mafundi wa kweli wa huko wamenifundisha kitu kimoja. Gari likichemsha, swali la kwanza siyo "kimeharibika nini?" Swali ni "linachemsha wakati gani?" Jibu lake ndilo linalomtaja mwizi.

BARIDI YA NJE, MOTO WA NDANI

Tuanze na hiyo baridi inayotudanganya. Maji ambayo Dar yanachemka kwa nyuzi 100 za sentigredi, Njombe mjini yanachemka kwenye nyuzi kama 94 tu. Mji uko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na huko mgandamizo wa hewa ni mdogo. Muulize mama yeyote wa Njombe maharage yake yanakaa jikoni muda gani! Sasa injini nyingi zikiwa nzima kabisa zinafanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 95. Unakiona kimbembe?

Kinachomwokoa dereva ni mfuniko wa rejeta. Ule siyo kizibo cha chupa ya soda, jamani. Una springi na mpira wa kubana presha ndani ili maji yachelewe kuchemka. Mingi ya magari ya Kijapani imeandikwa 0.9 au 1.1. Ule wa 0.9 ukiwa mzima, maji ya Njombe yanavumilia mpaka nyuzi kama 115. Mpira ukichakaa unarudi kwenye 94 zako, na mlima mmoja tu maji yanamwagikia kwenye kopo la akiba. Ndiyo maana gari linaweza kutamba Dar bila maneno, likifika nyanda za juu linaanza vituko. Kagua mfuniko kabla ya kukagua kitu kingine chochote.

MOSHI MWEUPE USIKUTISHE

Asubuhi moja pale Makambako, barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, nilikuta kijana katoka Dar anawahi Njombe kupeleka posa. Gari lake dogo limechemsha. Fundi kijana keshashika spana, ushahidi wake ni moshi mweupe kwenye eksozi. Jamaa keshaanza kuipapasa bahasha ya posa mfukoni, uso umemshuka.

Mzee mmoja fundi, mikono imejaa oili, akasogea taratibu.

"Kijana, lile lori pale nalo hedi imekufa? Na ile Hiace? Mbona wewe mwenyewe ukiongea unatoa moshi?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee akamgeukia mwenye gari.

"Inachemsha ikitembea au ikisimama?"

"Ikisimama, mzee. Nikiondoka mshale unashuka wenyewe."

"Basi hiyo feni. Fungua boneti."

Kweli bwana, waya wa feni ya umeme ulikuwa umechomoka kwenye soketi yake. Kuurudisha hakukuchukua hata dakika tano, na bahasha ikaendelea na safari ya Njombe ikiwa nzima.

Tia akilini: kwenye baridi, kila eksozi hutoa mvuke mpaka ipate moto. Hata ule utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa jasho la baridi tu, hasa kwa gari la safari fupi fupi. Gasketi usiihukumu kabla injini haijapata moto sawasawa.

MASWALI YA KUMBANA MWIZI

Linachemsha likisimama au kwenye foleni, likikimbia linapoa? Mtuhumiwa ni feni: fyuzi, rilei, waya, au mkanda uliolegea kwa zile feni za mkanda.

Likisimama salama, likipanda mlima au kubeba mzigo linachemsha? Mtazame rejeta. Huenda maji yamepungua, au matope na wadudu wamejaa usoni, au kutu imeziba ndani. Shika pia mpira wa chini, maana uliochoka hunywea na kuziba njia ya maji.

Linachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa? Kama maji yapo, injini ni moto na mpira wa juu bado baridi, themostati imegoma kufunguka.

Maji yanapungua na chini kuna tone? Angalia wota pampu na maungio ya mipira. Yanapungua na chini ni pakavu? Hapo sasa ndipo hedi gasketi inaitwa mahakamani. Moshi mweupe hauishi hata injini ikiwa moto, mapovu yanapanda kwenye rejeta bila kukoma, na oili kwenye kijiti chake imekuwa kama chai ya maziwa. Ukiona hayo, zima gari, usilitembeze tena.

THEMOSTATI SIYO PAMBO

Mafundi wetu wengi dawa yao ni moja: "Itoe, itupe." Njombe hilo ni kosa kubwa. Bila themostati injini haipati joto lake, inakunywa mafuta, inachakaa mapema, na heta inakupulizia baridi wakati nje kuna jalidi ya Juni na Julai.

Unataka kuipima? Itumbukize kwenye sufuria ya maji, weka jikoni, tazama. Iliyoandikwa 82 au 88 itaanza kufunguka maji yakikaribia kuchemka. Ila ukiwa Njombe, iliyoandikwa 88 usitegemee ifunguke yote, kwa sababu maji ya sufuria hayavuki 94. Isiyotikisika kabisa ndiyo ya kubadilisha.

Na kwenye rejeta weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, achana na maji ya mtoni. Inazuia kutu, inachelewesha kuchemka, na haigandi kwa baridi ya Njombe.

IKIKUKUTA NJIANI

Mshale ukipanda, zima kiyoyozi, fungua heta yote. Utatoka jasho, lakini heta nayo ni rejeta ndogo. Heta ikianza kupuliza baridi wakati injini ni moto, ujue maji hayazunguki au yamekwisha, hata kama mshale umeshuka ghafla. Simama pembeni, zima.

Halafu subiri nusu saa au zaidi. Mfuniko usiguswe! Presha ikiachiwa, maji ya moto yanaruka usoni, na wapo waliobaki na makovu ya maisha. Wala usimwagie injini ya moto maji baridi ya kijito, chuma kinaweza kupasuka, na hapo ndipo utakuwa umeinunua hedi kweli kweli.

Fundi akikuambia hedi, mwambie twende kwa mpangilio: kiwango cha maji, mfuniko, feni na mkanda, mipira, themostati, rejeta, pampu, na hedi iwe ya mwisho. Akikasirika, funga boneti tafuta mwingine. Njombe na Makambako mafundi wazuri wapo, na utawajua kwa maswali wanayouliza kabla ya kushika spana.