Bima na Iende kwa Mwendo wa Mfuko

Juma lililopita niliketi tena katika mchango wa hospitali, mtaani kwetu Likoni. Aliyelazwa ni mama muuza mahamri na mbaazi, ambaye kila alfajiri huwauzia watu waendao feri. Kopo lilizungushwa, kila mmoja akatia alichojaliwa. Nami nikajiuliza: je, si sisi majirani tulio bima ya mama huyu? Kasoro yetu ni kwamba tunachanga baada ya maradhi kuingia, kwa pupa, bila kujua iwapo zitatosha.

Wengi huamini kwamba bima ya afya ni ya wenye mishahara. Imani hiyo ina asili yake, kwani Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali ilipoundwa mwaka 1966, iliwalenga hasa waajiriwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mahali pake pameshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, inayomtaka kila mkaazi wa Kenya ajisajili. Aliyesajiliwa hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vilivyo katika mpango huo. Lakini akilazwa katika hospitali kubwa, huulizwa kama amelipa mchango wake.

Hapo ndipo penye tatizo. Sisi walimu hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, wala hatuhisi uzito wa mwaka. Mchuuzi wa Kongowea au fundi cherehani wa Changamwe huulizwa kuhusu nyumba na maisha yake, akakadiriwa kiasi kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, kisha akatakiwa kulipa za mwaka mzima kwa mkupuo mmoja.

Wanafunzi na wapige hesabu. Kiwango hicho cha chini ni shilingi 3,600 kwa mwaka, yaani pungufu ya shilingi 10 kwa siku. Shilingi 10 hazimshindi muuza mahamri. Lakini 3,600 kwa siku moja ni unga, mafuta na mtaji wake wote.

Najua hoja ya upande wa pili: kama kila mtu angelipa apendapo, wengi wangengoja waugue kwanza, na hazina ingekauka. Hoja hiyo ni ya haki. Ndiyo maana mwaka 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu hulipiwa mwaka mzima kisha akarejesha kidogo kidogo. Hata hivyo, huo ni mkopo, na mwenye biashara ndogo huogopa deni jingine.

Kwa maoni yangu, vyama vyetu vya akina mama na vya wachuuzi vifanywe wadhamini. Chama kikusanye shilingi 10 kila siku na kuziwasilisha, nayo mamlaka izipokee bila kumwita mtu mdaiwa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kiwekwe kabla ya njaa. Kopo lile lililozungushwa Likoni lingezunguka mapema, mama yule asingelala akiwaza gharama.