Mwezi Unavyoonekana Kasapa

Kasapa, kaskazini mwa kitovu cha jiji la Lubumbashi, ilipo kampasi kubwa ya Chuo Kikuu, Mwezi haufanani sana na ule unaochorwa katika vitabu vingi vya shule, kwa sababu michoro hiyo ilitoka kwa watu wanaoishi mbali kaskazini mwa ikweta, ambao Mwezi ukiwa juu huutazama wakielekea kusini. Lubumbashi iko karibu nyuzi 12 kusini mwa ikweta, na umbali huo mdogo unatosha kuugeuza Mwezi machoni pa mtazamaji, ingawa mwendo wake angani ni mmoja kwa watu wote.

Mwezi huizunguka Dunia ukiwa mbali nayo kwa wastani wa kilomita 384,400, lakini kwa kuwa njia yake si duara kamili, kuna siku hukaribia hadi kilomita 363,000 hivi na siku nyingine huenda hadi kilomita 405,000 hivi. Ukipimwa kwa nyota, humaliza mzunguko mmoja kwa siku 27.3, hata hivyo, kutoka Mwezi mpevu mmoja hadi unaofuata hupita siku 29.5, kwa maana Dunia nayo huwa imesogea katika safari yake ya kulizunguka Jua, na Mwezi hauna budi kuendelea kwa siku mbili na ziada ili uwe tena mkabala na Jua. Hizo siku 29.5 ndizo zinazoongoza kalenda ya Kiislamu, ambayo miezi yake huwa na siku 29 au 30.

Wapo wanaodhani kwamba Mwezi haujizungushi, kwa kuwa huonyesha uso uleule daima. Kwa kweli hujizungusha kwenye mhimili wake, ila hutumia muda uleule unaoutumia kuizunguka Dunia. Mtu anayeuzunguka mwembe huku amelikazia macho shina lake, akirudi alikoanzia atakuwa amekwisha kuelekea pande zote nne za dunia, yaani amegeuka mara moja kamili, na bado mwembe haukuuona mgongo wake. Mvuto wa Dunia ndio uliopunguza mzunguko wa Mwezi pole pole hadi ukafikia kipimo hicho. Upande wa nyuma haukuonwa na binadamu yeyote hadi Oktoba 1959, chombo cha Kisovieti kiitwacho Luna 3 kilipoupiga picha.

Kuhusu sura za Mwezi, kosa lililoenea zaidi ni kuamini kwamba sehemu isiyong'aa imefunikwa na kivuli cha Dunia. Jua huangaza nusu ya Mwezi wakati wote; kinachobadilika ni kiasi cha nusu hiyo kinachoelekea Dunia. Mwezi mwandamo huonekana Kasapa upande wa magharibi baada tu ya Jua kutua, nao hulala chali, pembe zikielekea juu, kwa sababu katika nchi zilizo karibu na ikweta Jua na Mwezi huteremka karibu wima kuelekea upeo wa macho. Kila siku Mwezi huchelewa kutua kwa dakika 50 hivi, na baada ya juma moja hufikia robo ya kwanza, ambapo nusu ya uso wake hung'aa.

Hapo ndipo kanuni ya Wafaransa inapokwama. Kanuni hiyo hufundisha kwamba ukichora mstari kando ya Mwezi wa nusu, ukapata herufi p, basi ni robo ya kwanza, na ukipata d, ni robo ya mwisho. Ni kanuni nzuri kwa Paris au Brussels. Kasapa, mwezi Machi, robo ya kwanza hupita upande wa kaskazini, na mtazamaji aliyeelekea huko huwa na magharibi mkono wa kushoto, ndiko lilikotua Jua. Basi sehemu inayong'aa huwa ya kushoto, na herufi inayopatikana ni d. Mwezi Septemba, robo hiyohiyo hupita kusini mwa utosi, upande liliko bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, na kanuni inakuwa sahihi tena. Mwalimu wa Lubumbashi angefanya vyema kuiacha kabisa na kuwaambia wanafunzi jambo moja: upande unaong'aa ndio unaolielekea Jua.

Njia ya Mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi ikilinganishwa na njia ya Dunia, ndiyo maana Mwezi mpevu mara nyingi hupita juu au chini ya kivuli cha Dunia bila kupatwa. Tarehe 7 Septemba 2025 uliingia humo wote kwa dakika 82, na Lubumbashi, ambako usiku ulikuwa umekwisha kuingia, Mwezi ulikuwa juu ya upeo wa macho kipindi hicho chote. Tarehe 31 Desemba 2028 Mwezi utachomoza Lubumbashi ukiwa tayari kivulini, katikati ya msimu wa mvua.