Behewa dogo la mizigo kutoka Same: biashara ya vipande vya kuunganisha inaanzaje?

Baada ya kipindi chetu kuhusu reli ya Tanga, msikilizaji mmoja wa Makanya alitutumia ujumbe akiuliza: je, fundi seremala wa huku kwetu anaweza kutengeneza mabehewa madogo ya mizigo akayauza nje ya nchi? Muda wa hewani ulikwisha kabla hatujamjibu. Tunamjibu hapa, kwa sababu swali lake lina fedha ndani yake, na pia lina hasara kwa atakayeanza vibaya.

Kwanza tuelewane. Hatuzungumzii kigari cha makopo ambacho mtoto hukivuta kwa kamba. Ujerumani, Uingereza, Marekani na Japani kuna watu wazima, wengine wastaafu, wanaojenga reli ndogo chumbani au bustanini, na treni zao hutembea kwa umeme. Wengi wa watu hawa hawataki behewa lililokwisha kutengenezwa. Wananunua boksi lenye vipande: sakafu, kuta, paa, milango, ngazi na karatasi ya maelekezo. Kisha jioni, baada ya chakula, wanakaa mezani na gundi na msasa. Raha yao iko katika kuunganisha. Kwa hiyo fundi anayewauzia anauza vipimo sahihi na kazi ya mikono ya kuwapitishia muda, na mbao yenyewe ni sehemu ndogo tu ya bei.

Biashara hii ina wakubwa wake. Marekani, Irvin Athearn alianza katika miaka ya 1940, na kampuni yake ikaja kujulikana kwa vipande vya plastiki vilivyouzwa katika maboksi ya buluu. Lakini pembeni mwa wakubwa hao wamekuwapo siku zote watu wanaofanya kazi hii kwenye meza ya nyumbani, wakitoa aina moja ya behewa, idadi ndogo, ikiisha imeisha. Huko ndiko mlango wa mtu wa Same ulipo. Kalibu ya chuma ya kumimina plastiki hugharimu maelfu ya dola, hivyo mdogo hukata mbao nyembamba kwa mkono au kwa mashine ya leza, au humimina resini katika kalibu ya raba, ambayo huchakaa baada ya kutoa nakala chache.

Sasa tuje kwenye reli yetu, maana hapa ndipo tulipoona bahati. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893 chini ya Wajerumani, ukafika Moshi mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929. Upana wake ni mita moja, yaani milimita 1,000, wakati reli mpya ya SGR ina milimita 1,435. Mwaka 1968 kampuni ya Lehmann ya Nürnberg, Ujerumani, ilitoa treni za bustanini ziitwazo LGB. Reli yake ina upana wa milimita 45, na skeli ni 1 kwa 22.5. Chukua simu yako uzidishe 45 kwa 22.5. Unapata 1,012.5, karibu kabisa na mita moja. Ina maana wenye bustani hizo tayari wana njia ambayo behewa la Same, Mombo au Korogwe linaweza kupita likiwa na uwiano wake halisi.

Ipo pia skeli ndogo iitwayo HO, 1 kwa 87, ambamo reli ya mita moja hutengenezwa kwa milimita 12. Behewa la urefu wa mita 9 linakuwa sentimita 10 na kidogo, na posta yake ni nafuu. Katika ile ya bustani behewa hilo hilo linafika sentimita 40. Tukiulizwa, tungemshauri fundi wa msumeno na patasi aanze na hiyo kubwa. Akikosea milimita moja kwenye skeli ya bustani, amekosea sentimita mbili na robo kwenye behewa la kweli, na macho yatasamehe. Kwenye HO kosa hilo hilo ni sentimita karibu tisa, na mlango utaonekana umepinda.

Magurudumu asitengeneze. Hili tunalisisitiza kwa sababu ndilo huwavunja moyo wengi. Gurudumu lisilolingana na reli ya mteja litaacha njia kila kona. Ndiyo maana Wamarekani wana chama chao cha NMRA tangu mwaka 1935, na Ulaya wana viwango viitwavyo NEM, ili gurudumu la kampuni moja lipite kwenye reli ya nyingine. Watengenezaji wengi wadogo huuza vipande vya mwili wa behewa peke yake na kuandika wazi juu ya boksi kwamba magurudumu na viunganishi mnunuzi atafute mwenyewe. Wateja wamezoea.

Uzito nao una kanuni. Behewa jepesi huruka reli. Kwa HO, NMRA inapendekeza gramu 28, kisha gramu 14 kwa kila sentimita 2.5 za urefu. Behewa letu la sentimita 10 linahitaji kama gramu 85, kwa hiyo fundi aache nafasi chini ya sakafu pa kuficha kipande cha chuma.

Kuhusu mbao, masalia ya karakana yanatosha kabisa. Hakuna sababu ya mtu kugusa msitu wa Chome kwa ajili ya behewa la sentimita 40. Ila jambo moja linahitaji uangalifu: mbao iliyokauka kwenye jua la Same mjini itavimba ikifika mahali penye unyevu, hata ukiipeleka Mamba Miamba tu utaona. Plaiwudi nyembamba hutulia zaidi kuliko ubao mzima.

Tuseme vipande na boksi vimekugharimu shilingi 20,000, na kazi ni saa sita. Ukiuza 40,000 umefurahi. Lakini hujahesabu sampuli tatu ulizoharibu, makato ya kupokea fedha kutoka nje, na posta, ambayo kwa mzigo wa kwenda Ulaya inaweza kuzidi bei ya behewa lenyewe. Uliza bei ya posta kabla ya kutangaza yako. Na kabla ya kukata boksi hamsini, unganisha moja, lipige picha, tafuta watu ishirini waseme watanunua. Kisha mpe jirani asiyejua treni vipande na karatasi yako ya maelekezo, ukae kimya umtazame. Pale atakapokwama ndipo pa kuandika upya.

Nembo ni suala jingine. Mwaka 2004 kampuni ya reli ya Union Pacific ya Marekani iliwashtaki Athearn na Lionel kwa kutumia rangi na nembo zake kwenye treni ndogo, na ugomvi ukaisha mwaka 2006 kampuni hiyo ilipoacha kudai malipo. Sisi Wapare tunataniwa kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Kwa hili, heri uombe ruhusa ya Shirika la Reli kwa maandishi mapema. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, TIN ni TRA, leseni ni halmashauri, na SIDO wapo kwa ushauri.

Jina zuri lipo tayari. Kati ya vichwa 34 vikubwa vya mvuke vilivyotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, namba 5930 kilipewa jina Mount Shengena, kilele cha juu kabisa cha milima yetu. Kazi yake ilikuwa njia ya Mombasa na Nairobi, na leo kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Wapenzi wa treni wanakijua kichwa hicho. Mabehewa ya kawaida hayakupata heshima hiyo. Behewa likikatwa kuwa chuma chakavu, vipimo vyake vimekwenda nalo, na wazee waliolipakia mkonge nao wanapungua.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kupima, na hapa tunaomba usikivu. Treni za mizigo zilirudi kwenye njia hii mwaka 2019, kwa hiyo mtu asiingie relini na futi mkononi, wala asibandue hata skrubu moja ya kumbukumbu. Nenda kwa mkuu wa stesheni, mweleze unataka kupima behewa gani na kwa nini, naye atakuambia barua iende ofisi ipi. Ukiruhusiwa, nendeni wawili: mmoja ashike futi, mwingine aandike.