Msemo wa Maisha na Mteremko wa Kitonga

Malori yanayokwenda Dar es Salaam yakishamaliza kuteremka Mlima Kitonga, mengi husimama Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo. Breki zinapoa, madereva wanakula, na wauza vitunguu wanapita katikati ya magari na nyavu zao. Anayesubiri hapo hakosi cha kusoma, maana nyuma ya malori, mabasi na bodaboda kuna maneno ya kila namna: "Mungu ni Mwema", "Acha Waseme", "Utajiju", "Haraka Haraka Haina Baraka". Kubeba msemo ni desturi yetu ya siku nyingi. Tunauandika kwenye bodi la gari, tunaufunga kiunoni kwenye kanga, na siku hizi tunauweka WhatsApp chini ya picha. Kigumu ni kuchagua mmoja wa kuishi nao.

Ushauri wa saikolojia katika jambo hili ni mfupi: chagua msemo unaokuambia la kufanya pale unapoteleza. Usichague unaokusifia pale ulipo imara.

Kwanza tutazame msemo unamwambia nani. Misemo mingi ya magari na kanga imekusudiwa watu wengine. Kanga huvaliwa jirani au wifi apite aisome, na "Acha Waseme" ni jibu kwa wasemaji. Hiyo ni sanaa yenye utamu wake, na imewaepusha watu na magomvi ya mdomo. Msemo wa kuishi nao, hata hivyo, una msikilizaji mmoja tu, naye ni mwenyewe. Ukitaka kuupima, jiulize kama utakuwa na kazi yoyote ukiwa peke yako, hakuna wa kumringia wala wa kumjibu. Kama hauna, huo ni wa kuvaa.

Pili, uangalie msemo wa kujisifu. Vitabu vya hamasa hutufundisha kuamka asubuhi na kujiambia kwamba sisi ni washindi, tunapendwa, tunaweza kila kitu. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake wa Kanada walichapisha utafiti uliopima zoezi la namna hiyo. Watu waliojidharau tangu awali walipotakiwa kurudia moyoni kwamba wao ni watu wa kupendeka, hali yao ya moyo ilikuwa mbaya zaidi kuliko ya wenzao waliojidharau vilevile lakini hawakurudia maneno hayo. Sababu si ngumu kuiona. Mtu anapojiambia jambo asiloliamini, nafsi humletea ushahidi wa kumkanusha: deni la dukani, mtihani alioanguka, ndoa iliyovunjika. Sifa haikuwa na kazi ya kumpa, ikamwacha akibishana na nafsi yake.

Ndiyo maana methali zetu ni hazina bora kuliko maneno ya kujipamba, ila nazo zinataka kuchaguliwa kwa makini. "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo" zinapingana waziwazi, na zote ni za kweli, kila moja kwa mtu wake. Dereva aliyepoteza muda njiani, ambaye tabia yake ni kuufidia kwa mwendo, anaihitaji ya kwanza. Kijana anayepanga kulima "msimu ujao" mwaka wa tatu sasa, ile ya kwanza itamlaza usingizi. Yake ni ya pili. Bahati mbaya, wengi tunapenda methali inayotetea tabia tuliyo nayo tayari. Mvivu husifia subira, na mwenye papara husema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Ukishaupata unaokufaa, bado haujaanza kufanya kazi. Dereva anayeijua Kitonga huingiza gia nzito juu, kabla mteremko haujaanza. Akichelewa mpaka gari limeshika kasi na mzigo unamsukuma, uamuzi si wake tena. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, aliyezaliwa Ujerumani, aliieleza kanuni ya namna hiyo katika mipango ya watu. Nia ya jumla, kama "nitatunza pesa", huzidiwa nguvu na nia iliyofungwa kwenye tukio: "likitokea hili, nitafanya lile." Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94 na kuona kwamba mpango wa namna hiyo unasaidia kwa kiasi kikubwa watu kutimiza walichokusudia. Uamuzi umekwisha kufanywa mapema, kwa hiyo tukio lenyewe ndilo linalomkumbusha mtu.

Tuchukue mkulima wa kitunguu wa bonde la Ruaha. Pesa yake huja kwa mkupuo. Kwa miezi amelipa mbegu, mbolea, dawa, mafuta ya mashine ya maji na vibarua wa kwenye majaruba, halafu siku moja mnunuzi anapakia magunia na kumhesabia noti. Akisema msemo wake ni "Akiba haiozi", amechagua methali nzuri lakini isiyomwonyesha pa kuanzia. Tena kwa zao linaloharibika ghalani, huenda atacheka mwenyewe. Kama anajijua kwamba pesa humponyoka wiki ile ya mauzo, wake ni huu: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Kisha aufunge kwenye tukio: nikishapokea pesa, kabla sijaondoka penye mzigo, naandika magunia mangapi, bei gani, nadaiwa na nani, na kiasi gani ni cha mbegu ya msimu ujao. Methali imekuwa kalamu mkononi. Siku mnunuzi atakapomshinikiza kufunga lumbesa, daftari hilo litamwonyesha ujazo uliozidi unamgharimu kiasi gani.

Nchi yetu imeyajaribu haya kwa kiwango kikubwa. Mei 1972 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikutana Iringa na kutoa tamko la "Siasa ni Kilimo", maneno matatu yaliyokaa midomoni mwa watu kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya". Hii nayo ilikuwa na maneno matatu tu, ila ilikuja na vipindi vya redio, vitabu na vikundi vya kusoma vilivyoshirikisha karibu watu milioni 2, na kila somo lilifuatiwa na kazi: kuchimba choo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kufukia madimbwi ya mbu. Mwanakijiji aliyeulizwa maana ya "Mtu ni Afya" angeweza kuonyesha choo chake. Msemo wa mtu binafsi nao upimwe hivyo, kwa kitu kinachoonekana.

Tunaye pia mwanariadha wetu John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, alianguka na kuumia goti, akaendelea hivyo hivyo na kuingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Wengine 18 walikuwa wamejitoa. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, haikumtuma kuzianza tu. Maneno yale hayakumwita bingwa. Yaligusa mahali pamoja, pale mguu unapouma na mtu ana sababu halali ya kukaa chini, yakamwambia la kufanya.

Kwa hiyo ukitaka kuchagua, usianze na orodha ya misemo. Anza na kumbukumbu. Andika mambo matatu ya mwaka huu uliyoyajutia, kisha utafute yanakutana wapi: kwenye hasira, pesa, ahadi, uvivu au kuogopa kusema hapana. Hapo ndipo mteremko wako ulipo. Tafuta methali inayopasema, au tunga sentensi yako ya maneno yasiyozidi saba, yenye kitendo ndani yake. Ifunge kwenye saa au tukio unalolijua. Mwambie mtu mmoja anayekupenda na asiyekuogopa, mkeo, kaka yako au rafiki, akuulize mara kwa mara umeufanyia nini msemo wako.

Halafu uupe muda wa kitunguu kimoja, tangu kusia mbegu hadi kuvuna, takriban miezi minne au mitano. Mwisho wake hesabu matendo. Ukikuta umeukariri msimu mzima na hakuna hata jambo moja ulilolifanya tofauti, uache, hata kama unapendeza masikioni, ukachague mwingine.