Kusi Ikivuma, Nani Hulala Lamu?

Kila Aprili, masika yakikaribia, mwenye gesti mmoja wa mtaa wa Mkomani huanika magodoro darini, kisha huyakunja na kufunga vyumba vinne kati ya sita alivyo navyo. Viwili huviacha wazi kwa atakayetokea. Tangu hapo hadi mwishoni mwa Julai, wageni wa likizo za Ulaya wanapoanza kurudi, nyumba huishi kwa akiba ya kaskazi. Anasema kipupwe kimoja kibaya humaliza faida yote ya Desemba, lakini kinachomuuma zaidi ni leseni.

Leseni ya biashara hulipwa kwa mwaka mzima, vitanda vilaliwe visilaliwe. Nilikaa naye saa nzima, na karibu saa yote ilikwenda kwenye jambo hilo. Anataka anayefunga Mei alipie miezi aliyofungua tu. Amelisema kwenye vikao vya wadau, likaandikwa, na kikao kilichofuata kikaanza na ajenda nyingine. Kwa maoni yangu hoja yake ina nguvu. Hoteli kubwa ya Shela inaweza kufunga Mei na Juni ikijua wateja wake wa Krismasi watalipa amana mapema. Gesti ya vyumba sita haina amana ya mtu. Mgeni anayefika kipupwe anajua mji umelala, hivyo hupatana bei mpaka ishuke nusu, na mtandao wa kuwekea vyumba uliomleta hukata kamisheni yake kama kawaida. Mpishi, mwenyeji wa Kizingitini, hurudishwa kwao bila mshahara. Mwenye gesti aliposema hili la mpishi, aliangalia pembeni.

Ofisini picha ni nyingine kabisa. Afisa mmoja anayehusika na utalii aliniambia kwamba msimu mfu umekwisha Lamu, na akanitajia asilimia ya ongezeko la wageni katika miezi ya kusi. Nilimuuliza kilichohesabiwa: ni watu waliopita kwenye jeti na uwanja wa ndege wa Manda, au ni usiku uliolaliwa kitandani? Akajibu kwamba ni walioingia wote. Kwa sababu hiyo asilimia ile siiandiki hapa. Ndani yake wamo mafundi na makandarasi wa bandari mpya upande wa bara, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi 2021 kati ya magati 32 yaliyopangwa. Wamo wanasemina wanaolala siku mbili. Wamo pia Waamu wenyewe wanaotoka Mombasa kuja kuzika au kuoza, nao hulala kwa shangazi. Lami ya Garsen hadi Lamu imefanya safari hizi ziwe nyepesi, na hilo ni jema, lakini anayetoka Mokowe, upande wa bara, kwa boti na kurudi jioni hajamlipa mwenye gesti hata shilingi.

Tusiisingizie bahari kila kitu. Ni kweli kusi ikichachamaa maji ya nje hayafai kwa mashua ya watalii, na safari ya Kiwayu huwa ya kubahatisha. Lakini ndani ya mkono wa bahari, kuelekea Matondoni na Kipungani, maji yana kinga. Mlango wa Mkanda hupitika maji yakijaa, kusi au kaskazi. Nahodha niliyezungumza naye ufukweni anasema angeweza kutoka siku nyingi za Juni kama angekuwa na abiria. Hana, basi mashua imepandishwa nchi kavu kwa kalafati na kupakwa sifa. Fundi anataka malipo yake sasa, katika miezi ambayo nahodha haingizi kitu. Wengi hukopa kwa tajiri wa samaki au kwa jamaa, na deni hulipwa Desemba.

Hofu nayo ina sehemu yake. Utekaji wa wageni wa Septemba na Oktoba 2011 uliharibu msimu mzuri ulipokuwa ukianza, na shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, pamoja na amri ya kutotoka usiku iliyofuata, likakausha hata wachache wa kipupwe. Wafanyabiashara wanasema maonyo ya safari ya nchi za nje huwekwa kwa siku moja na huchukua miaka kuondolewa.

Jambo ambalo sijasikia likijadiliwa katika mipango rasmi ni kalenda ya mwezi mwandamo. Maulidi ya Lamu, pamoja na mashindano yake ya punda na mashua, hufanyika Mfungo Sita, na mwezi huo hurudi nyuma siku kumi hivi kila mwaka. Ifikapo 2029 utaangukia Julai na Agosti, kusi ikiwa bado inavuma. Upande wa pili, Ramadhani inaingia kwenye msimu wa kaskazi: 2030 itaanza Januari, na nyingine itaanza Desemba ya mwaka huo huo. Mji utapata shamrashamra wakati wa vitanda vitupu, na migahawa itafungwa mchana wakati wa vitanda vilivyojaa. Je, hesabu itasawazika? Mwenye gesti ana shaka. Anasema wageni wa Maulidi hulala kwa jamaa au kwenye mikeka msikitini. Muuza kofia, mwenye boti na mama wa mahamri ndio watakaoneemeka kwanza. Mimi naona hata hao wakipata kitu Julai, mji hautakopa sana kusubiri Desemba, ila sina uhakika kwamba fedha hizo zitapanda ngazi hadi vyumba vya Mkomani.

Yeye mwenyewe amepanga kufungua chumba cha tatu mapema mwaka huu, ikiwa mpishi atakubali nusu mshahara kwa wiki mbili za kwanza. Ujumbe umepelekwa Kizingitini. Mpishi hajajibu.