Kipupwe cha Kihesa na presha ya wazee

Mvua za Iringa ni za msimu mmoja. Huanza Novemba, huenda hadi Aprili, na zikishakata mahindi hubaki shambani yakikauka, nyasi za milimani hubadilika rangi, na watu wa Kihesa, mjini Iringa, huanza kutoa makoti sandukuni. Kufikia Juni na Julai joto la usiku katika manispaa hushuka hadi nyuzi 11 hivi za Selsiasi. Kule Makete na Kitulo hali ni kali zaidi. Zipo alfajiri ambazo nyasi hukutwa zimefunikwa na sakitu.

Sababu ya kwanza ni mwinuko. Iringa mjini ipo kati ya mita 1,500 na 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwa wastani hewa hupoa kwa nyuzi kama 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Ya pili ni anga jeupe. Wakati wa mvua mawingu huzuia joto la ardhi lisipotee. Yakiondoka, ardhi na mabati hutoa joto kwenda angani usiku kucha. Ndiyo maana mchana mtu anavua sweta pale sokoni Kihesa, na saa kumi usiku anatafuta blanketi la pili.

Kijana huiona baridi hiyo kuwa kero ya asubuhi tu. Kwa aliyefikisha miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua kuwa mzee na utumishi wa umma humstaafisha kwa lazima, inagusa mishipa ya damu. Wazee wa Nyanda za Juu Kusini huogopa mafua na nimonia msimu huu, na hawakosei. Lakini kinachozungumzwa kidogo mno ni presha.

Tuwafikirie walimu wawili wastaafu, mume na mke, wa aina ambayo msomaji wa Kihesa hatakosa kuwatambua. Nyumba ni ya tofali za kuchoma na bati. Dari lipo sebuleni tu, kiinua mgongo kiliishia hapo. Watoto wako Dar es Salaam na Dodoma. Wenyewe kwa wenyewe bado wanaitana "Mwalimu". Jua huchomoza karibu saa moja kasoro robo, na nusu saa baadaye mke yuko barazani na kigoda chake anapukuchua mahindi, gunzi mkono mmoja, kidole gumba kikisukuma punje kwenye ungo, na kila kivuli kinapomfikia anakisogeza kigoda. Mume amesimama getini na koti, mtandio wa mke shingoni, akijibu salamu za "kamwene" za wapita njia. Wote wawili wanakunywa dawa za presha.

Ngozi inapopata baridi, ubongo huiamuru mishipa midogo ya mikono, miguu na uso ijibane ili damu yenye joto ibaki kifuani na tumboni. Damu ni ileile lakini njia imekuwa nyembamba, kwa hiyo moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Mishipa mikubwa ya kijana hunyumbuka na kuipokea nguvu hiyo. Ya mzee imekwishakakamaa, na presha hupanda. Watafiti wa Ufaransa waliwafuatilia watu 8,801 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Wakati wa baridi, asilimia 33.4 walikutwa na presha ya 160 kwa 95 au zaidi. Wakati wa joto walikuwa asilimia 23.8. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa waliovuka miaka 80.

Baridi ya Iringa haifikii ya Ufaransa, hilo ni wazi. Ila nyumba ya Mfaransa ina mtambo wa kupasha joto, na ya Mwalimu ina blanketi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba katika maeneo ya baridi joto la ndani ya nyumba lisishuke chini ya nyuzi 18. Nje kukiwa na nyuzi 11, chumba chenye bati bila dari hakiwezi kufika huko alfajiri. Mimi ningeweka dari la chumba cha kulala mbele ya dari la sebule, hata kama wageni hawataliona.

Tatizo la kliniki linaanzia hapa. Mgonjwa aliyepangiwa dozi mwezi Novemba, wakati Iringa ina joto lake kubwa la mwaka, huenda akaikuta dozi hiyo haimtoshi mwezi Julai. Kinyume chake nacho hutokea: dozi iliyoongezwa kipindi cha baridi ikaja kumshushia presha kupita kiasi Oktoba, akapata kizunguzungu. Kubadilisha dawa ni kazi ya daktari. Kazi ya mstaafu ni kwenda kupimwa mwanzoni mwa kipupwe bila kusubiri tarehe ya mbali iliyoandikwa kwenye kadi, na kama ana mashine nyumbani, aende na daftari la vipimo. Apime asubuhi kabla ya dawa na kabla ya chai, akiwa amekwisha kwenda haja ndogo na amekaa ametulia dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Kosa la msimu huu ni kufunga kitambaa cha mashine juu ya mikono mitatu ya nguo: shati, sweta na koti. Mkono uwe wazi. Baridi ya dakika mbili haitamdhuru.

Kuna jambo jingine ambalo wazee hulitaja kwa sauti ya chini. Mishipa ya ngozi ikijibana, damu nyingi hukusanyika katikati ya mwili, na figo huichukulia kana kwamba imezidi; hutoa maji. Mtu aliyekuwa akiamka mara moja usiku sasa anaamka mara tatu. Choo kiko nje, ngazi ya saruji imelowa umande, na mzee ametoka blanketini kwenda kwenye baridi ghafla. Kuvunjika nyonga katika umri huo mara nyingi huanzia kwenye safari kama hiyo. Akae ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama, hasa anayetumia dawa za presha, avae viatu vyenye soli isiyoteleza, na taa iwe karibu na mkono. Ndoo yenye mfuniko chumbani nayo haina aibu yoyote.

Sasa twende jikoni. Kipupwe ni msimu wa makande, na makande ya Iringa hayana haraka. Kwenye mita 1,600 kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko pwani, kwa hiyo maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 95 badala ya 100. Yanatokota vilevile, mvuke unatoka vilevile, lakini maharage yanapata joto dogo zaidi na huchelewa kuiva. Kuyaloweka usiku kucha huokoa mkaa mwingi. Asiyeloweka hukaa na sufuria motoni mchana wote, na jioni chakula kikishaepuliwa, makaa bado ni mekundu. Kuyazima inaonekana hasara. Jiko linaingizwa chumbani, mlango unafungwa.

Kwa maoni yangu hakuna tabia ya kipupwe yenye hatari kuliko hiyo. Mkaa uliokolea hautoi moshi, ndiyo maana watu huuamini, lakini hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, ila oksijeni inayofika kwenye ubongo na moyo inazidi kupungua. Na kwenye mwinuko wa Iringa kila pumzi tayari ina oksijeni pungufu kwa asilimia 17 hivi ukilinganisha na Dar es Salaam. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu, na mzee husingizia malaria au presha. Wanandoa wana bahati moja hapa: malaria haina kawaida ya kuwapata wawili usiku mmoja. Mume na mke wakiamka wote wanaumwa kichwa, kisha kikapoa wakishatoka nje, mshitakiwa ni jiko.

Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi. Anayekutwa amelegea chumbani atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali hata akijisikia nafuu, kwa sababu kwa hewa ya kawaida huchukua saa nne hadi sita kwa nusu tu ya sumu hiyo kutoka kwenye damu. Kwa oksijeni ya hospitali muda huo hushuka hadi saa moja na kitu. Cha kupasha kitanda kipo: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, iwekwe nusu saa kabla ya kulala na iondolewe mtu anapoingia, maana miguu ya mwenye kisukari inaweza kuungua bila yeye kuhisi.

Pombe nayo haipashi mwili. Ulanzi ni wa msimu wa mvua, lakini komoni ipo. Kilevi hufungua mishipa ya ngozi, mnywaji akahisi joto usoni, kumbe ndilo linalotoka.

Jua lile la barazani ni jambo jingine. Iringa iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na hata Juni jua la mchana hufika nyuzi 59 hivi juu ya upeo wa macho, kiasi cha kutosha ngozi kutengeneza vitamini D, ambayo mifupa na misuli ya mzee huihitaji. Ngozi ya uzeeni hufanya kazi hiyo polepole, hivyo mikono ipate mwanga. Anayepukuchua mahindi pale anapata mazoezi na jua kwa mpigo.

Iliyobaki ni hatari ambayo mwenyewe haioni. Misuli ya mzee imepungua, kutetemeka kwake ni kudogo, na hisia ya baridi imefifia, kwa hiyo joto la mwili linaweza kushuka chini ya nyuzi 35 akiwa anasema hajambo. Anayegundua ni mwenza wake: maneno yanakuwa mazito, anajibu visivyoulizwa, anafungua vifungo vya koti badala ya kuvifunga. Mguse tumbo chini ya nguo. Likiwa la baridi, mvalishe nguo kavu, kofia na mablanketi, mpe chai ya moto yenye sukari kama yuko macho na anameza vizuri. Usimsugue mikono na miguu, usimwogeshe maji ya moto, kisha tafuta gari la kwenda hospitali.